Dawa za kisukari za mitishamba: Malampaka iuze kipimo, isiuze unga

Tangu dawa ya mseto ilipoanza kutolewa katika vituo vya afya vya Serikali mwishoni mwa mwaka 2006, ni vigumu kumpata mama wa Malampaka aliyeuguza mtoto mwenye malaria ambaye hajasikia agizo hili la muuguzi: mpe na chakula, na kama yapo maziwa au chochote chenye mafuta, ni vizuri zaidi. Wengi hulichukua kama ushauri wa kumzuia mtoto asitapike. Sababu kubwa ni nyingine. Moja ya dawa mbili zilizomo katika kidonge kile, lumefantrini, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Bila mafuta tumboni sehemu kubwa yake hupita na kutoka kama ilivyoingia. Kidonge ni kile kile na bei ni ile ile, lakini aliyekula na asiyekula hawakupata dawa sawa.

Somo hilo dogo ndilo linalokosekana katika biashara ya dawa za kisukari za mitishamba, ambayo imeingia katika magulio ya Kanda ya Ziwa kama ilivyoingia kwingineko nchini. Meza hazitofautiani sana: unga wa majani ya mlonge katika mifuko ya plastiki, kokwa za zambarau zilizosagwa, magome yaliyolowekwa katika chupa za maji zilizokwishatumika, mwarobaini, shubiri, mdalasini, na siku hizi karela iliyokaushwa. Muuzaji ataeleza mti umetoka wapi, nani aliutumia akapona, na vijiko vingapi kwa siku. Swali ambalo haulizwi, na ambalo pengine hana jibu lake, ni hili: katika kijiko hicho, ni kiasi gani kinachofika kwenye damu?

Swali hilo lina fedha ndani yake na lina uhai wa watu. Fedha, kwa sababu mkulima wa Malampaka ambaye msimu mmoja anaisifu bei ya pamba na msimu unaofuata anailaani, kila siku anatafuta zao la pembeni, na mlonge ni mti usiodai mbolea wala dawa ya kunyunyizia. Uhai, kwa sababu kisukari si tena ugonjwa wa wakubwa wa mjini. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa na jarida la tiba la Uingereza, Lancet, mwaka 1989 ulikuta kwamba wenye kisukari hawafikii hata mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikupimwa kwa njia moja, na ule wa pili ulihusisha miji pia, lakini hata mtu akikata posho kwa ajili ya tofauti hizo, ongezeko linabaki kuwa la kutisha.

Mtu aliyeandikiwa vidonge akaviacha kwa sababu ya chupa ya gulioni hafi wiki hiyo, na hapo ndipo udanganyifu unapopata nafasi. Anaweza hata kujisikia vizuri. Sukari humla polepole: macho yanafifia, figo zinachoka, miguu inakufa ganzi, kidonda cha mwiba hakiponi, na mwisho wake familia inauza ng'ombe kulipia kukatwa mguu katika hospitali ya rufaa Mwanza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa kwamba kikombe kile kinatibu. Bei ile haikumuumiza mtu. Kilichoumiza ni vidonge vilivyoachwa nyumbani.

Pamoja na hayo, wanaosema mitishamba yote ni uongo na ipigwe marufuku hawana hoja. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari duniani huanzishiwa, ni mjukuu wa majani. Huko Ulaya tangu enzi za kati watu walitumia mmea wa jamii ya kunde ambao wanasayansi wanauita Galega officinalis. Mwaka 1918 iligundulika kwamba guanidini, kemikali ya ukoo mmoja na ile iliyomo katika mmea huo, hushusha sukari ya wanyama. Kiambata cha mmea wenyewe kilikuwa na sumu, hivyo wanakemia wakatafuta ndugu yake asiyedhuru; metformini ilitengenezwa maabara mwaka 1922, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha mwaka 1957 matokeo ya kuwapa wagonjwa. Marekani, nchi yenye ukali wake katika mambo ya dawa, iliikubali mwaka 1994 tu.

Jambo ambalo wachache hulijua ni kwamba hata metformini haiingii yote. Katika kidonge kinachomezwa, kiasi cha asilimia 50 hadi 60 ndicho kinachofika kwenye damu. Lakini kiasi hicho kinajulikana, na kwa sababu kinajulikana daktari anaweza kuandika miligramu 500 asubuhi na jioni badala ya kuandika kijiko.

Nchini, kazi ya kupima dawa za asili ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikapandishwa hadhi kuwa taasisi. Profesa Mainen Moshi na wenzake wa Muhimbili waliwahi kuuchukua mmea mdogo unaojiotea mashambani, wenye vijani kama vya mkwaju na vijitunda vinavyoning'inia chini ya kijiti cha majani, Phyllanthus amarus kwa jina la kitaalamu, ambao hutumiwa na watu wengi kwa kisukari. Waliwapa wagonjwa 21 maji ya mmea huo kwa wiki moja na kuwapima. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalikuwa ya wazi: sukari haikushuka, si ile ya asubuhi kabla ya kula wala ile ya baada ya kula.

Ukimsomea mganga matokeo hayo atasema hawakuchemsha sawasawa, au wiki moja ni fupi. Ukimsomea daktari atasema mmea haufai. Wote wawili wanaweza kuwa wanakisia. Inawezekana mmea hauna kitu. Inawezekana dozi ilikuwa ndogo. Na inawezekana pia kitu kipo, ila kimeishia njiani. Mtu anayetaka kufanya biashara ya kweli katika dawa hizi hana budi kujua lipi kati ya hayo matatu linahusu mti wake, maana kila moja lina tiba yake, na kuongeza vijiko si tiba ya lolote kati ya hayo kabla ya kupima.

Mkulima anayesafirisha mazao anafahamu mageti ya ushuru. Gunia linalotoka shambani likipita mageti matatu, kinachobaki mfukoni sokoni si kile kilichohesabiwa wakati wa kupakia. Dawa inayomezwa nayo ina mageti yake. Kwanza lazima iyeyuke katika maji ya tumbo na utumbo, na isiharibiwe na ukali wa tumbo. Pili lazima ipenye ukuta wa utumbo, ambao umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo kinachopenda maji kupita kiasi hukwama pale. Tatu, damu yote inayotoka utumboni hupitia kwanza kwenye ini, na ini kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni. Viambata vingi vya mimea vinavyosifiwa kwa kisukari hukwama katika geti moja au jingine.

Karela ni mfano mzuri. Watafiti wa India walipata ndani yake protini inayofanya kazi kwa namna inayokaribiana na insulini, na mwaka 1981 walitoa taarifa ya kuwapa wagonjwa. Waliwapa kwa kuchoma chini ya ngozi. Protini ikimezwa tumbo haliulizi imetoka wapi. Huisaga kama linavyosaga nyama na maharage. Anayekunywa juisi ya karela kwa matumaini ya protini hiyo anakula mboga chungu tu. Kama karela inamsaidia, basi ni kwa viambata vingine.

Manjano, au binzari kama wanavyoita wengine, ni mfano wa geti la kwanza na la tatu kwa pamoja. Kiambata chake, kurkumini, hakiyeyuki vizuri, na kile kidogo kinachoingia huvunjwa na ini haraka. Katika utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1998, Wahindi waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini wakaikuta kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Walipoongeza miligramu 20 tu za piperini, kile kiambata kinachoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kilichofika kwenye damu kiliongezeka mara 20. Gunia lile lile, geti limefunguliwa. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba manjano yanatibu kisukari, lakini ulionyesha kwamba namna ya kutayarisha inaweza kuwa na uzito kuliko wingi wa mmea.

Msomaji mwepesi tayari ameshawaza kuchanganya unga wake na pilipili manga ya Muheza au ya Unguja. Asubiri. Geti lililofunguliwa kwa ajili ya manjano limefunguliwa pia kwa ajili ya kila kitu kingine alichomeza mgonjwa. Watafiti wengine wa India walionyesha mwaka 1991 kwamba piperini huongeza kwenye damu kiasi cha propranololi, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu, na cha teofilini, dawa ya pumu. Wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia. Muuzaji wa gulioni hajui mteja wake anameza nini nyumbani, na mara nyingi mteja mwenyewe hajui jina la kidonge chake, anajua rangi.

Njia nyingine, ambayo inapaswa kuwavutia watu wa Maswa kuliko pilipili, ni ya mafuta. Kampuni ya Indena ya Milan, Italia, tangu miaka ya 1980 ilianza kufunga viambata vya mimea ndani ya aina ya mafuta iitwayo lesithini ili vipenye ukuta wa utumbo. Walianza na mmea mmoja wa miiba wa Ulaya unaotumika kwa magonjwa ya ini, na mbinu hiyo ikaenea kwa mimea mingine, manjano yakiwemo. Sasa lesithini inatoka wapi? Inatoka kwenye soya, na inatoka kwenye alizeti. Aliyewahi kuweka mafuta ghafi ya alizeti kwenye dumu kwa wiki kadhaa ameuona ule utelezi mzito unaotuama chini, ambao watu huuchukulia kuwa uchafu. Humo ndimo lesithini ilimo. Viwanda vikubwa huitenga kwa maji wakati wa kusafisha mafuta na kuiuza kwa watengenezaji wa chokoleti, mikate na dawa. Mashine ndogo za kukamua hapa nchini haziitengi.

Haina maana kwamba kikundi cha akina mama wa Malampaka kianze kesho kupaka mlonge utelezi wa dumu. Kutenga lesithini safi na kuifunga na kiambata kunahitaji maabara, mtaalamu wa famasia, na kipimo cha kuonyesha kwamba imefungika. Lakini inaonyesha kwamba mkoa wenye alizeti, mimea ya dawa na reli iendayo Mwanza hauko mbali na kazi hii kama watu wanavyodhani. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, Bugando, chenye shule ya famasia, na kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Stesheni ya Malampaka imepitiwa na reli ya Mwanza tangu enzi za Mwingereza, na reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2021, inajengwa katika ukanda huo huo. Umbali si kisingizio.

Kuna jambo ambalo wapiga debe wa mitishamba hulikwepa. Dawa inayoingia damuni vizuri ni dawa inayoweza kuua. Mradi unga haufanyi kazi, hauna hatari kubwa zaidi ya kumchelewesha mgonjwa. Ukianza kufanya kazi, mambo yanabadilika. Mwaka 1979 Lancet ilitoa taarifa ya mgonjwa nchini Uingereza aliyekuwa akimeza klopropamidi, kidonge cha kisukari cha wakati ule, huku akila karela kwenye mchuzi, na athari za viwili hivyo zikaungana kushusha sukari yake. Mgonjwa wa Malampaka anayetumia glibenklamidi asubuhi, akanywa na mchanganyiko ulioboreshwa, kisha akaenda kupalilia pamba bila kula, anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa na kuanguka huko huko shambani. Wenzake watasema amerogwa.

Na dawa ya "asili" inayoshusha sukari ghafla kupita kiasi itiliwe shaka kwa sababu nyingine. Singapore mwaka 2008 watu 150 walilazwa kwa kushukiwa sukari kupita kiasi baada ya kutumia dawa za magendo, nyingi zikiwa zile za kuongeza nguvu za kiume, na wanne wakafariki. Kilichokutwa ndani ni glibenklamidi ya kiwandani. Hila hiyo ni rahisi, na anayeifanya hupata sifa ya haraka kwa sababu dawa yake kweli "inafanya kazi".

Ajabu ni kwamba kitu bora zaidi kwa kisukari kinacholimwa Malampaka pengine ni kile kisichohitaji kuingia damuni hata kidogo. Dengu, zile zinazopandwa kwenye mbuga mvua zikielekea kwisha na kukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini, zina wanga unaomeng'enywa polepole pamoja na nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo sukari hupanda taratibu baada ya kula kuliko inavyopanda kwa ugali wa sembe. Uwatu unaouzwa na wafanyabiashara wa viungo hufanya kazi kwa njia inayofanana: utelezi wa mbegu zake hupunguza kasi ya chakula utumboni. Hapa geti la damu halihusiki kabisa. Lakini dengu za Kanda ya Ziwa karibu zote hupanda malori na meli kwenda India, na aliyezilima anabaki na sembe. Choroko nazo zina hadithi isiyotofautiana sana. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuingia katika soko la wagonjwa wa kisukari angeanza hapa: unga wa dengu uliosagwa vizuri, dengu za kukaanga, mchanganyiko wa uji usio na sukari. Vinauzwa kama chakula, vinahitaji nembo ya Shirika la Viwango, TBS, na ushauri wa SIDO, na hakuna anayelazimika kudai kwamba vinatibu.

Kwa mimea ya dawa yenyewe, wakulima wangefanya vema kukumbuka yaliyotokea kwa artemisia. Mmea huo wa Kichina, ambao ulimpa mwanasayansi Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ndio unaotoa upande mwingine wa dawa ya mseto. Nacho kiambata chake, artemisinini, kilikuwa na tatizo lile lile la kutoyeyuka vizuri. Ndiyo maana viwanda vilikigeuza kuwa artemeta na atesuneti. Shirika la Afya Duniani lilipoipa mseto kipaumbele, bei ya artemisinini ilipaa hadi kupita dola 1,000 za Marekani kwa kilo mwaka 2005. Wakulima wa kaskazini mwa Tanzania na wa Kenya waliingia kwa nguvu. Wachina na Wavietnamu nao walipanda, na kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200. Aliyekuwa na mkataba ulioandikwa bei alisalimika kidogo. Aliyelima kwa kusikia tu alibaki na majani makavu. Mbono kaburi ulileta msiba wa namna hiyo hiyo kwa sababu nyingine.

Tofauti ya faida ilikuwa wapi? Majani ya artemisia yaliuzwa kwa kilo kama nyasi. Kiambata kilichochujwa kiliuzwa kwa mamia ya dola. Kidonge kilichotengenezwa kiasi cha kuingia damuni kwa kipimo kinachojulikana kiliuzwa duniani kote, na mwenye kidonge hakuwa Arusha wala Athi River. Malampaka ikijaza mlonge kila kona bila kwenda mbele ya hapo, itauza nyasi.

Mlonge wenyewe usitukuzwe kupita ushahidi. Ni mboga nzuri yenye protini na madini. Kwa kisukari cha binadamu, majaribio yaliyopo ni madogo na matokeo yake hayafanani. Sababu mojawapo ya kutofanana ni ya kilimo kabisa: majani ya mti mmoja si sawa na ya mwingine, ya masika si sawa na ya kiangazi, yaliyoanikwa juani siyo yaliyokaushwa kivulini, na unga uliofungwa ukiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Mtafiti akipewa magunia matano kutoka kaya tano anakuwa amepewa dawa tano. Hapo ndipo mkulima anapoweza kujiongezea thamani bila maabara yoyote: mbegu ya chanzo kimoja, siku ya kuvuna iliyoandikwa, chanja za kukaushia kivulini, gunia lenye namba, na daftari. Mnunuzi makini hulipia daftari hilo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na Baraza lake linasajili waganga na dawa. Wauzaji wengi wadogo hawajawahi kumwona mratibu wa tiba asili wa wilaya yao, na wengine humkwepa wakidhani ni polisi. Katika Kanda ya Ziwa neno mganga limebebeshwa dhambi za wapiga ramli, kiasi kwamba mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli na mwenye mizizi halali akajikuta anajificha pia. Usajili ungemtenganisha na hao. Lakini usajili unaoishia kwenye swali kwamba dawa haina sumu na haina vijidudu hautoshi kwa dawa ya kisukari. Mgonjwa anatakiwa ajue pia kama inashusha sukari, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na isichanganywe na kidonge kipi. Bila hayo cheti kinakuwa pambo la meza.

Fedha za kujibu maswali hayo hazitatoka kwa mama wa gulioni. Ni kazi ya Serikali kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo, na ni aibu kwamba tafiti nyingi za mitishamba nchini huishia kwenye panya na jarida la nje. Hatua ya kutoka kwenye panya kwenda kwenye kidonge kinachofyonzwa, na kutoka hapo kwenda kwa wagonjwa wanaopimwa kwa miezi mitatu, ndiyo isiyo na mfadhili. Ndiyo pia hatua ambayo mkulima anapaswa kuwa na karatasi yake mkononi: makubaliano kwamba mmea ukitoka Malampaka na ujuzi ukitoka kwa mzee wa Malampaka, sehemu ya mapato irudi. Wakati mzuri wa kuandika karatasi hiyo ni kabla mtafiti hajaondoka na gunia.

Wilaya ya Maswa imewahi kufanya kitu cha aina hii. Chaki za Maswa zilitengenezwa na kikundi cha vijana kwa msaada wa halmashauri, zikaingia katika shule kwa sababu kila chaki ilitoka na urefu ule ule na iliandika kama nyingine. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba fedha hizo kwa ajili ya mlonge kitaonekana cha maana kikija na chanja za kukaushia, mizani, barua ya shule ya famasia ya Mwanza inayokubali kupima sampuli, na mashine ndogo ya kupimia sukari kwa ajili ya wanakikundi wenyewe, ambao baadhi yao, kwa hesabu ya mwaka 2012, tayari ni wagonjwa bila kujua. Kikija na mashine ya kusaga na lebo iliyoandikwa "tiba ya kisukari", kinyimwe.